Viunza vya Mama

Kibiti,
7 Juni 1993

Swahiba Nassibu,

Baada ya salamu, nianze na aibu yangu kabla hujaisikia kwa watu wa basi. Kitanda cha Warda kimepinda.

Unajua tangu ushirika utupunguze sisi makarani sina kazi zaidi ya kukaa barazani na kuulizwa hali. Nikasema binti yangu wa pekee hataolewa na kitanda cha kununua Dar, vile vya vioo vinavyolia ukijigeuza. Nitamchongea mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika randa tukiwa vijana, na mkono haujasahau. Nikaenda Mtunda kwa wapasuaji, wakanionyesha mninga mwekundu wa kupendeza, na mkubwa wao akaapa kwa mama yake kwamba mbao zimekauka tangu mwaka jana. Nikazibeba. Nikachonga matendegu, nikatoboa, nikaingiza mifumbati ya ubavuni, nikakiweka uani nikijisifu. Wiki haikuisha. Jua limekivuta hata tendegu moja limenyanyuka juu kama mguu wa mbwa anayekojoa. Mke wangu anacheka, mimi sicheki.

Harusi ni mwezi ujao, na kwetu mwali haondoki bila kitanda. Mninga mzuri wote unapita hapa barabarani juu ya malori kwenda Dar. Siku hizi ruksa, mwenye lori ndiye mwenye msitu. Kama una mbao kavu huko kwako nitazifuata hata kwa miguu.

Wako,
Abdulhalim


Umwe,
13 Juni 1993

Bwana Karani,

Nimecheka mpaka nikaweka msumeno chini. Mpasuaji anayeapa kwa mama yake! Yule mama alishakufa zamani kwa viapo vya mwanawe.

Sasa sikiliza. Mninga mbichi ni mzito, na ukiulaza shavuni ni wa baridi. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukijibu "du" ni mbichi, ukijibu "ko" umekauka. Mbao mbichi hupangwa kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao ili upepo upite, mawe juu, kisha mwenyewe unakwenda kulima, unavuna, unarudi kuzitazama. Kwa mwezi mmoja sahau. Wala usizianike juani wala kuzisogeza motoni, zitapasuka na utalia mara ya pili.

Mimi sina hata kipande cha kuchongea mbuzi ya nazi. Wenye malori wamefagia kila kitu. Mbao kavu siku hizi hazipo msituni, zipo majumbani mwa watu: milango ya zamani, madari, makabati ya marehemu. Ulizia huko. Lakini kwa adabu, usije ukamtoa mjane mlangoni ukamwachia tundu.

Nassibu


Kibiti,
4 Julai 1993

Swahiba,

Kitanda kimesimama. Nimelifuata neno lako, na nimelifuata kupita ulivyokusudia.

Mama, kama ujuavyo, yuko Nyamisati kwa dada Mwajabu tangu miguu ilipoanza kumvimba. Nyumba yake ya hapa naiangalia mimi. Nilimpa kazi Maneno, yule mwezekaji wetu, abadilishe makuti kabla wageni hawajaja, na alipomaliza nikapanda darini kuikagua kazi. Nikazikuta mbao za marehemu baba. Wewe ulikuwepo alipoupasua mti ule. Mninga mmoja, akaugawa mafungu mawili, viunza vyake na viunza vya mama, kila mtu na mbao zake za kufunikiwa akishalazwa katika mwanandani wa kaburi. Zake tulimzikia. Za mama zimekaa juu ya jiko miaka yote hiyo, moshi ukizikausha, dumuzi hata mmoja hakuthubutu kuzigusa. Nikagonga. Zikajibu "ko".

Siku ile nilishuka mikono mitupu. Kesho yake nikapanda tena, na sikushuka mikono mitupu.

Sitakudanganya kwamba sikujua. Nilijua ni nini na ni za nani. Nilijiambia mama bado yupo, alhamdulillahi, na mimi nitatafuta mbao nyingine, nitazipanga palepale juu ya moshi, na mpaka siku yake ifike zitakuwa zimekauka vilevile. Nikajiambia mti ni mti. Lakini mama hakutaka mti, alitaka mti ule, afunikwe na mninga uliomfunika mumewe. Hilo nalo nalijua, na randa nilipiga.

Warda amekipapasa kitanda akaniambia, "Baba, kumbe wewe seremala ulikuwa unajificha ofisini!" Nikatoka nje nikajifanya natafuta msasa. Tafadhali jambo hili libaki baina yetu.

Abdulhalim


Nyamisati,
30 Agosti 1993

Mdogo wangu Abdulhalim,

Assalam aleikum. Sisi wazima, ila mama miguu bado, na kuja harusini ndiyo hivyo ikashindikana. Lakini habari zote zimemfika, na za kitanda zimemfika mara mbilimbili, maana kila anayetoka Kibiti anasimulia. Mama anacheka peke yake. Anasema, "Mkono wa baba yake umemwingia uzeeni." Kila mgeni lazima aambiwe mwanangu kachonga kitanda, hata wachuuzi wa boriti za mikoko wanaokuja kwa mume wangu wameshachoka kuambiwa.

Sasa nina ujumbe wake. Anasema Kibiti hatarudi tena, hewa ya mtoni imemkubali, na siku ikifika atazikwa hapa. Nimemkemea aache maneno hayo, lakini unamjua. Sanda yake anayo sandukuni. Anataka na viunza vyake viletwe, awe navyo chini ya kitanda chake, roho itulie. Malori ya boriti yanakuja huku matupu, mpe dereva yeyote. Vifunge kwa mkeka visikwaruzike. Mama amesema hivyo mwenyewe, na amesema usichelewe.

Ni mimi dada yako,
Mwajabu


Kibiti,
11 Septemba 1993

Dada Mwajabu,

Shikamoo, na kwa mama shikamoo nyingi. Barua yako imenifika, na ninakujibu kwa huzuni.

Nilipanda darini ili nizifunge mbao za mama kama ulivyoniagiza. Sikuzikuta. Nimepekua nyumba nzima, hazipo. Dunia imeharibika, dada. Tangu mninga uwe mali, watu wanang'oa hata milango ya nyumba zisizokaliwa. Sijui ni nani na simsingizii mtu. Aliyepanda darini ni Maneno peke yake, alipokuwa anaezeka, lakini siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mwambie mama taratibu. Nimeshaanza kumtafutia mbao nyingine, nzuri kuliko zile.

Mdogo wako,
Abdulhalim


Nyamisati,
27 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Nilimwambia taratibu kama ulivyosema. Hakuna taratibu ya habari ile. Alilia, Abdulhalim, na mama hakulia hivyo hata tulipomzika baba. Kisha akaomba maji ya udhu.

Amesema mbao nyingine hataki. Amesema aliyeziiba hakuiba mbao, amemtenganisha na mumewe. Nikamwambia tumwachie Mungu. Akanijibu, "Kwani mi nampelekea nani?" Basi ameamua: isomwe halbadiri, laana imshukie mwizi popote alipo. Masheikh wa hapa wamekubali, itasomwa Ijumaa ya tarehe 29 Oktoba baada ya swala. Wamesema ni lazima litangazwe kwanza, mwizi apewe nafasi ya kurudisha au kukiri. Hapa tumeshatangaza. Kibiti utatangaza wewe, maana wewe ndiye mwanawe wa kiume. Simama msikitini Ijumaa, useme kama mama alivyosema: aliyezichukua, aliyemficha, na yeyote anayestarehe juu ya mbao zile leo, kisomo hiki kinamhusu.

Huyo Maneno nimemtaja hapa kwa watu, nisiseme uongo. Mtu niliyemlisha kwa mkono wangu alipokuwa mdogo! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mwajabu


Kibiti,
14 Oktoba 1993

Nassibu,

Niokoe. Zitakuwa zimekufikia habari za viunza kuibwa. Uongo huo ni wangu, nilimwandikia Mwajabu, na sasa mama amewaita masheikh wamsomee mwizi halbadiri.

Nimetangaza. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilisimama nikashika kipaza sauti na kusema yote kama nilivyotumwa, aliyezichukua, aliyemficha, anayestarehe juu yake. Sauti haikutetemeka. Nilijistaajabia mwenyewe. Watu waliitikia amin, na wazee wakaja kunishika mkono na kunipa pole. Nilizipokea zile pole, Nassibu. Nilisema ahsanteni.

Warda ana mimba changa. Hata maji hayakai tumboni, analala kutwa. Analala wapi, unajua. Mke wangu anasema ni mimba tu, hata yeye ilimtesa hivyo. Mimi kila nikienda kumwona kwa mumewe, nikisikia anatapika naisikia sauti yangu mwenyewe kwenye kipaza sauti.

Na kuna Maneno. Sikumtaja pale mbele, Mungu shahidi, lakini kila mtu anajua nani aliezeka nyumba ile. Mwenyewe, kwa ujinga wa mtu asiye na hatia, alisema kwa mdomo wake dukani kwamba mbao alizishika, alizisogeza zisiangukiwe na makuti mabovu. Basi imekuwa kesi imeisha. Aliyempa kazi ya kuezeka banda amemwita mwingine. Mkewe Johari kisimani wanampisha achote peke yake. Juzi alikuja kwangu, si kugombana, alikuja kuniomba nimwombee mumewe kwa mama, kisomo kimruke. Akanipigia magoti uani, pale pale nilipopigia randa.

Nifanye nini? Kama nikizungumza na sheikh kwa siri, hakuna dua ya kukipoza kisomo?

Abdulhalim


Umwe,
18 Oktoba 1993

Abdulhalim,

Leo sina utani.

Halbadiri mimi siijui undani wake, wapo wasomi wanaosema ipo na wapo wanaosema si dini. Sina elimu ya kuwaamua. Lakini Maneno namjua. Nimekula naye. Wewe unaniuliza dua ya kupoza, na mtu yuko barabarani anapishwa kama mwenye ukoma kwa ajili yako.

Na mimi sijioshi. Nilikwambia ulizia majumbani mwa watu, na ulipoandika umezichukua za mama yako nilikaa kimya, nikajiambia ni mambo ya familia. Kimya changu nacho kimemkalia Maneno. Lakini sikai nacho tena.

Mficha uchi hazai. Nyamisati si Uarabuni. Panda gari leo uende, umpigie mama yako magoti kama Johari alivyokupigia wewe. Kisha rudi usimame palepale uliposimama, ushike kipaza sauti kilekile. Ikipita Ijumaa ya kisomo hujasema, Ijumaa inayofuata nitakuja Kibiti nitasema mimi.

Nassibu


Kibiti,
23 Oktoba 1993

Dada Mwajabu,

Barua hii anakuletea dereva wa lori la boriti, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Viunza vya mama havikuibwa na mtu. Nilivichukua mimi. Ndivyo kitanda cha Warda. Mbao nilizonunua zilipinda, harusi ikakaribia, nikaona haya watu wasije wakasema karani ameshindwa na kitanda. Maneno hakuhusika kwa lolote, wala Warda hajui analalia nini. Nilipokuandikia kwamba aliyepanda ni Maneno peke yake nilikuwa najua ninachofanya, na nilipotangaza msikitini nilikuwa najua.

Nilifika stendi ili nije mwenyewe. Gari lilijaa, likaondoka, nikajiambia la pili, nalo likaondoka nimesimama. Sina uso wa kumtazama mama. Nakusihi, zuia kisomo. Si kwa ajili yangu. Binti yangu ana mimba, na Maneno ana jina.

Abdulhalim


Nyamisati,
1 Novemba 1993

Abdulhalim,

Barua yako imefika Jumamosi, tarehe 30. Lori lilivunjika ekseli njiani na dereva akalala nalo. Kisomo kilishasomwa Ijumaa. Ungekuja mwenyewe ungefika.

Nakwambia ilivyokuwa, maana unastahili kuijua. Alhamisi jioni Maneno na Johari waliingia hapa na mizigo yao kichwani. Aliingia ndani moja kwa moja, akamwamkia mama, akasema, "Bibi, nasikia mwanisomea. Nimekuja msome nikiwapo, nisije nikaambiwa nimekimbia." Mama alimtazama, akageukia ukutani. Mimi, Mungu anisamehe, sikumpa hata maji. Walilala kwa watu wengine. Ijumaa alikaa mbele kabisa, karibu na ubani, na kila masheikh walipoomba alisema amin, kwa sauti kuliko wote. Watu walitazamana. Mimi nilidhani ni ujeuri wa mwizi.

Jumamosi ikaja barua yako. Nilitaka kuichana. Mama akauliza, "Ya nani hiyo?" na mimi nimechoka na uongo wa nyumba hii, nikamsomea neno kwa neno. Mama akasema nikamwite Maneno kabla hajapanda chombo cha kwenda Mafia, nimsomee na yeye.

Maneno alisikiliza amesimama. Mama akamwambia, "Mwanangu, nimekukosea, niwie radhi." Akasema, "Wewe bibi huna kosa, uliambiwa." Na mimi nikaomba, akaniitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza jambo moja tu: yule aliyetangaza kwenye kipaza sauti alikuwa keshajua? Nikamwambia barua inasema alijua. Akatwaa mzigo wake, akaondoka na mkewe. Wamevuka kwenda Mafia, Kilindoni, ana ndugu huko.

Sasa sikia maneno ya mama, nayaandika kama alivyoyasema. Viunza amempa Warda. Amesema mbele yetu, tushuhudie, kwamba zile mbao ni zawadi yake kwa mjukuu wake, na cha kupewa si cha wizi, kisomo hakina cha kumfuatia mtoto. Kitanda kisivunjwe na Warda asiambiwe mpaka ajifungue. Mama mwenyewe atafunikwa kwa boriti za mikoko kama watu wote wa huku. Wewe nawe amekusamehe. Amekusamehe akilia, ujue hivyo.

Lakini amesema, "Mbao zilikuwa zangu, nimeziachia. Jina la Maneno halikuwa langu, sina la kuachia. Akamtafute mwenyewe."

Mwajabu


Kibiti,
6 Novemba 1993

Ndugu yangu Maneno,

Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi. Sijui nikuamkie vipi.

Jana Ijumaa nilisimama mahali palepale, nikashika kipaza sauti, nikasema mimi ndiye. Nikasema viunza nilichukua mimi, nilivifanyia nini sikutaja kwa ajili ya Warda, na wewe nilikusingizia nikijua. Kisha wazee wakasema mtu aliyekiri asitupwe, wakanikumbatia, imamu akaniombea. Wapo waliosema nimefanya jambo la kiume. Nassibu alikuwepo, amekuja kutoka Umwe kama alivyoapa, na yeye peke yake hakunishika mkono.

Hapo ndipo nilipojua sijafanya kitu. Wote waliokuwa wakinisamehe hawakuwa wamekosewa. Nilipita kwako nikakuta mlango umefungwa kwa kamba, na ndani jirani ameshaweka mbuzi wake. Nimemtoa. Aliyekunyima kazi ya banda amesema ukirudi ni yako, na wengine wanasema walikuwa hawaamini tangu mwanzo, waongo wakubwa.

Maneno, naomba unisamehe. Naomba urudi Kibiti, nitembee nawe barabarani mchana watu wakitazama. Kama unataka nije Mafia, nitakuja. Safari hii nitapanda chombo.

Abdulhalim


Kilindoni, Mafia,
28 Novemba 1993

Mzee Abdulhalim,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, ahsante. Mimi na Johari wazima. Kazi huku ipo, makuti yao mazuri, na wanalipa mtu akishashuka juu ya paa.

Umesema umesimama ukasema kweli. Vizuri. Nimefurahi kwa ajili ya mama yangu mzazi, yupo Kibiti bado, atakwenda dukani bila kunyooshewa kidole.

Na mimi nikwambie yangu. Ijumaa ile ya kwanza nilikuwa safu ya pili, nyuma yako kidogo. Ulipotangaza, ulitangaza vizuri sana. Wewe ni mtu mzima, ulikuwa karani, ndiwe uliyekuwa unatusomea barua zetu. Kila mtu alikuamini. Na mimi nilikuamini. Nilirudi nyumbani nikawaza, mbao zile nilizishika, nilizisogeza, hivi nilizirudisha? Nikamwuliza Johari kama aliniona nikija na kitu. Akasema hapana. Nikamwuliza tena. Tukapekua chumba chetu, mzee, mimi na mke wangu, tukainua hata godoro, tunatafuta mbao ambazo wewe ulikuwa unajua ziko kwako. Safari ya Nyamisati sikwenda kuwaonyesha watu. Nilikwenda nisomewe ili nami nijue kama ni mimi.

Unataka msamaha. Mimi Mwislamu, najua fadhila zake, na wazee wa huku nimewauliza wakaniambia nikupe. Nautafuta moyoni kila nikimaliza kuswali, siukuti. Siku nikiukuta nitakutumia, kwa barua au kwa mtu. Usije Mafia, na usiniandikie kuukumbusha.

Maneno